Jinsi Kokugonza Alivyojifunza Kugawa Kamwani

Siku yangu ya kwanza kazini niliajiriwa kupika uji, na kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimeshang'atwa mkono. Kituo kilikuwa Nyanga, nyumba ndefu ya bati katikati ya migomba, na watoto wake walikuwa wale ambao shule nyingine ziliwarudisha nyumbani: wenye usonji, wenye ulemavu wa akili, na wachache ambao hakuna aliyejua tatizo lao liitwe nini. Nilikuwa nimeshika vikombe viwili vya uji. Mtoto mmoja akanirukia na kuniachia alama za meno kiganjani. Nililia kidogo, na si kwa maumivu. Niliogopa kwamba nitafukuzwa siku ileile.

Mkuu wa Kituo, mama mfupi mwenye miwani ya kamba, hakuniuliza kama naumia. Aliniuliza, "Ulifanya nini kabla hajakung'ata?"

"Sikumfanya kitu, Mama."

"Fikiri, Edina. Ulisimama wapi? Ulishika nini?"

Nikafikiri. "Nilimpa uji mwenzake kwanza."

"Na alipokwisha kukung'ata?"

"Nikampa kikombe chake, ili aniachie."

Akacheka hadi miwani ikaanguka kifuani. "Basi leo umemfundisha kwamba meno yanaleta uji. Tena umemfundisha kwa mara moja tu! Wapo walimu wenye vyeti wasioweza hivyo. Kesho tutaanza kumfundisha njia nyingine."

Mambo matatu aliyoniuliza siku ile, yaani kilichotangulia, tendo lenyewe na kilichofuata, ndiyo msingi wa kazi inayoitwa uchambuzi wa tabia. Ukiyaona hayo matatu, unaacha kusema mtoto ni mkorofi au ana pepo. Unaanza kuona anachokitafuta, na unaweza kumfundisha akipate kwa njia njema.

Mimi sikuwa na cheti chochote. Niliacha shule darasa la sita, mama alipomfuata baba kaburini, nikabaki na wadogo zangu wanne na kibanja chetu, maana yake shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Niliwaogesha, niliwapeleka shule niliyoiacha, na jioni niliwauliza walichofundishwa ili nami nisipitwe kabisa. Mkuu wa Kituo aliposikia habari hizo baada ya miezi michache, alinitoa jikoni akanifanya msaidizi wa darasa. Alisema aliyelea wanne bila mtu wa kumwonyesha atajifunza haraka akionyeshwa. Ni mtu wa kwanza, tangu wazazi wangu wafariki, aliyeniona kama mtu anayeweza kuongezewa kitu. Namshukuru mpaka leo.

Akanionyesha kazi. Kwanza unagawa jambo katika hatua ndogo. Kunawa mikono kwako ni jambo moja. Kwa mtoto wetu ni hatua kumi na mbili, kuanzia kupandisha mikono ya nguo. Unamfundisha hatua moja hadi ashike, ndipo unaunganisha nyingine. Akikwama unampa kidokezo: unamgusa kiwiko, au unaonyesha kwa kidole, au unasema neno. Kisha unapunguza kidokezo kidogokidogo mpaka kitoweke, maana kidokezo kisichoondoka hugeuka mkongojo. Akifanya vizuri unampa kiimarisho papo hapo, yaani kitu kitakachomfanya atake kurudia. Kwa mmoja ni karanga, kwa mwingine ni kupigiwa makofi. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, tulikuwa matajiri. Kwa senene mmoja wa kukaanga mtoto alifunga vifungo vyote vya shati. Na kila jaribio unaliandika kwenye daftari: jumlisha kwa aliyepata, kutoa kwa aliyekosa.

Nililipenda daftari langu kupita kiasi. Kurasa zangu zilijaa alama za jumlisha, na nilizionyesha kwa kila mgeni kama mtu anayeonyesha picha za harusi.

Miaka kadhaa baadaye akaja Mtaalamu. Alikuwa kijana mwembamba kutoka chuo kikuu, ametumwa kutukagua. Nilimwonyesha mtoto wangu hodari, aliyekuwa akiniomba maji vizuri kwa maneno mawili. Mtaalamu akachukua kikombe, akakaa mahali pangu, akangoja. Mtoto akamtazama, akatazama dirishani. Maji hakuyaomba.

"Mama," Mtaalamu akaniambia kwa upole, "huyu anajua kuomba maji, au anajua kukuomba wewe?"

"Anakuogopa tu, mwanangu. Hajakuzoea."

"Kiu itamngoja azoee?"

Akanieleza kwamba ujuzi unaokaa kwa mtu mmoja, chumba kimoja na kikombe kimoja bado haujawa mali ya mtoto. Lazima uenezwe: aweze kuutumia kwa watu wengine, mahali pengine, na kwa vitu ambavyo hakufundishiwa. Aliita kazi hiyo kueneza ujuzi, na alisema haiji yenyewe. Inapangwa tangu siku ya kwanza. Nilimsikiliza kwa heshima. Moyoni nilimwona kijana anayetaka kuonyesha elimu yake kwa mama aliyeishia darasa la sita. Alipoondoka niliendelea kama zamani.

Ndipo akaletwa Kokugonza.

Alikuwa na miaka kumi na moja, mjukuu wa Ta Mutalemwa (Ta kwetu ni kama kusema Mzee) wa Kanazi, mkulima wa kahawa mwenye heshima zake. Hakuwa anasema zaidi ya maneno machache, na nyumbani alikuwa na chumba cha nyuma chenye komeo kwa nje. Wageni walipokuja, alifungiwa humo mpaka waondoke. Msimhukumu haraka babu yake. Alimpenda, na maziwa ya ng'ombe wake mmoja yalikuwa ya mtoto huyo kwanza. Lakini siku moja Kokugonza alichukua nyama kwenye sahani za wageni wa msiba, na watu wakanong'ona. Tangu siku hiyo mzee aliona aibu, na aibu yake ilikuwa komeo.

Bibi yake ndiye aliyemleta kituoni. "Mwalimu," aliniambia, "shangazi yake ameposwa. Kahawa ikishavunwa, wakwe watakuja nyumbani. Mzee anasema mtoto atafungiwa. Nimemwomba, nimemlilia, hadi amekubali neno moja: kama Kokugonza ataweza kugawa kamwani, atakaa sebuleni na watu, na si siku ile tu. Komeo litaisha."

Wasiotoka kwetu wajue kwamba kamwani ni punje za kahawa zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha zikakaushwa. Mgeni hupewa azitafune kabla ya neno lolote kubwa kusemwa. Anayezigawa hupiga magoti, anasalimu, anatoa kikapu kwa mikono miwili. Kwa Mhaya, mtoto anayejua kugawa kamwani amelelewa, na asiyejua hana kwao.

Niligawa kazi ile katika hatua tisa. Kuchukua kikapu mezani, kufunua, kumwendea mgeni, kupiga magoti, kusalimu, kutoa kikapu, kungoja achukue, kusimama, kwenda kwa mwingine. Mgeni nilikuwa mimi, kwenye kiti cha karibu na dirisha. Na mgeni mwingine? Nilihamia kiti cha pili, nikawa mimi tena. Kokugonza alikuwa akilala bwenini siku za juma, kwa hiyo tulifanya zoezi kila asubuhi. Katika wiki ya saba hapakuwa na alama ya kutoa hata moja. Nikatuma salamu Kanazi kwamba mtoto yuko tayari.

Ta Mutalemwa hakuwa mtu wa kudanganywa na salamu. Aliita majirani watano Jumapili moja baada ya ibada, akasema, "Tuone kwanza sisi wenyewe." Mimi nilikaa na bibi jikoni, nyuma ya nyumba, nikichungulia sebuleni kupitia mlango wa uani.

Kokugonza akachukua kikapu. Akakifunua. Akatembea kuelekea kwa wazee kama bibi harusi. Akampita wa kwanza. Akampita wa pili.

"Huyu anatafuta mgeni gani?" mmoja akauliza. "Kwani sisi ni vigoda?"

"Pengine ananusa mwenye mahari," mwingine akasema, na wote wakacheka.

Akawapita wote watano, akatoka nje, akazunguka nyumba, akaingia jikoni. Akanikuta nimeketi kwenye kinu kilicholazwa. Akapiga magoti kwenye majivu, akanisalimu, akanyoosha kikapu kwa mikono miwili, akangoja. Hatua zote, hakukosea hata moja. Sebuleni walikuwa wanapiga makofi kwa kicheko: "Kumbe mgeni rasmi yuko jikoni!"

Ta Mutalemwa alisimama mlangoni. Yeye hakucheka.

"Ma Edina, kazi umefanya, sikatai. Lakini wakwe watakapokuja, utakuja wewe ukae badala yao?"

Akamshika mtoto mkono, akampeleka chumba cha nyuma, na nilisikia komeo likiingia. Kokugonza aliingia bado ameshika kikapu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefanya kila alichoagizwa.

Jumatatu nilimpelekea Mkuu wa Kituo daftari langu na kumsimulia yote. Nilitegemea anifariji. Alifungua kurasa zile za jumlisha tupu, akazifunga.

"Babu yake anamfungia katika chumba kimoja," akasema. "Na wewe umemfundisha katika chumba kimoja. Tofauti yenu ni dirisha."

Maneno yale yaliniuma kuliko yale meno ya siku ya kwanza, na ni maneno niliyoyahitaji. Siku hiyohiyo aliniruhusu nimpigie simu Mtaalamu. Nilimwambia, "Mwanangu, uliniambia, nikakudharau. Sasa nifundishe." Wala hakunisimanga. Alisema kosa langu hulifanya karibu kila mwalimu hodari, kwa sababu mtoto anapofaulu mbele yake hutamani kufaulu huko kusiharibiwe na watu wengine. Kisha akaniuliza maswali: Nyumbani kuna wageni wa aina gani? Hukaa wapi? Kikapu chao kikoje? Wanasalimiwa kwa lugha gani? Nani atamsifu, wewe ukiwa haupo? Nilijibu, na kila jibu lilikuwa kitu ambacho sikukifundisha. Kituoni kwangu kikapu kilikuwa cha plastiki na salamu ilikuwa ya Kiswahili. Kwao kikapu ni cha ukindu, na wazee husalimiwa kwa Kihaya.

Mkuu akanipangia kwenda Kanazi mara mbili kwa wiki, na Kokugonza akarudi kulala kwao. Tulianza upya palepale sebuleni. Safari hii bibi yake ndiye aliyefundisha. Mimi nilimwonyesha namna ya kutoa kidokezo na namna ya kukiondoa. Wageni walikuwa majirani: wanaume, wanawake, vijana, mmoja kwenye kiti, mmoja kwenye mkeka, mmoja amesimama mlangoni. Tulibadilisha vikapu. Siku nyingine tulifanyia uani, siku nyingine kwa jirani.

Majirani waliokuwa wamecheka ndio hao hao waliokuja, na waliifurahia kazi. Mzee mmoja alikuwa akiingiza mkono wote kikapuni.

"Mzee wangu, chukua chache, hili ni zoezi," nilimwambia.

"Zoezi ni lako, Ma Edina. Kamwani ni yangu."

Kumbe naye alinisaidia, kwa kuwa hakuna wageni wawili wanaofanana. Jambo moja tulilisahau hadi lilipotokea: mama mmoja mwenye jino bovu alitikisa kichwa kukataa, na Kokugonza akabaki amepiga magoti mbele yake muda mrefu, akingoja, bila kujua ulimwengu unaendeleaje kuanzia hapo. Tukaongeza zoezi la mgeni anayekataa: ngoja kidogo, simama, nenda kwa mwingine. Karanga nazo tuliziacha taratibu. Kiimarisho kikawa kile ambacho nyumba yoyote inacho, mgeni kusema "wakola", yaani asante, na kutabasamu.

Kilichobaki kilikuwa kuniondoa mimi. Hakuna kidokezo kilichokuwa kikubwa kama mimi mwenyewe. Wiki ya kwanza nilikaa mlangoni, kisha jikoni, kisha nyuma ya miti ya kahawa, kisha nyumba ya jirani. Siku za mwanzo Kokugonza alitoka na kikapu kunitafuta, na bibi yake akamrudisha sebuleni kwa kumgusa bega. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kukaa nyuma ya mti, nikimsikia mtoto ananitafuta, na kutojitokeza.

Wiki chache kabla ya wakwe kuja, Mkuu wa Kituo akaniita. "Tunafungua tawi Muleba, mwaloni. Unahamia huko."

"Mama, nakuomba. Wakwe wanakuja mwezi ujao."

"Ndiyo maana unaondoka sasa."

Muleba, kwenye mwalo ambako mitumbwi ya uvuvi hutia nanga, nilikuta watoto wa wavuvi na wachuuzi wa dagaa, watu waliotoka kila upande, leo kambi hii, mwezi ujao kisiwa kingine. Mtoto wa pale alihitaji ujuzi unaosafiri. Tangu siku ya kwanza nilipanga kila jambo lifundishwe na watu watatu, mahali patatu. Wavuvi walinitania wakati wa kupakua nyavu: "Mwalimu, leo ni zamu ya nani kuombwa maji?" Nami niliwajibu, "Ni zamu yako wewe mwenye kelele, kaa hapo." Wakakaa, na watoto wao wakajifunza.

Jumamosi ya wakwe nilikuwa mwaloni naanika nguo, simu nimeifunga kiunoni. Ilipolia, ilikuwa saa kumi jioni. Alikuwa Ta Mutalemwa mwenyewe.

"Ma Edina."

"Naam, Baba."

"Walikuja saba."

Nikaiweka chini nguo niliyoishika.

"Amewagawia wote saba. Mmoja hakutaka, alimngoja kidogo, akasimama, akaenda kwa mwingine. Hakuna aliyemwambia."

"Ashukuriwe Mungu, Baba."

"Ngoja, sijamaliza." Nilisikia akikohoa. "Alipomaliza wageni, alikuja kwangu. Mimi si mgeni, Ma Edina. Ni nyumba yangu. Nani alimfundisha kuja kwangu?"

Nilikumbuka mazoezi yote. Mzee hakuwa amekaa kwenye zoezi hata moja. Siku zote alisimama pembeni akitazama, mikono nyuma.

"Hakuna aliyemfundisha hilo, Baba."

"Hakuna?"

"Hakuna. Hilo ni lake mwenyewe."

Akavuta pumzi. "Miaka kumi na moja," akasema, "na sikuwahi kupokea kitu mkononi mwake." Kisha akakata simu bila kuaga, na mimi nikamalizia kuanika nguo huku nimezilowesha upya kwa machozi.

Kwa wenzangu vijana mnaoingia kazi hii na vyeti nilivyovikosa, nawaomba mwitazame hiyo hatua ambayo haikuwa daftarini. Zile tisa tulimpa sisi. Ya kumi aliitoa mwenyewe, na ndiyo iliyothibitisha kwamba zile tisa zimekuwa zake. Msiridhike na alama ya jumlisha iliyopatikana mbele yenu. Ulizeni: atafanya mbele ya nani mwingine? Kwa lugha ipi? Nisipokuwepo? Na yakiwashinda, msione aibu kumpigia simu mtu mliyemdharau.

Nilistaafu mwaka juzi, mguu ulipoanza kukataa kupanda na kushuka mitumbwi. Nashukuru kwa mengi. Nilifika nikiwa mpishi, nikaongozwa na wakubwa walionikemea bila kunidhalilisha, na mishahara yangu midogo iliwasomesha wadogo zangu wanne mpaka walipoishia kwa uwezo wao, si kwa umaskini wangu.

Kabla ya kurudi kwetu nilikwenda Kanazi kuaga. Nilikuta wageni wengine wamenitangulia, waliokuja kwa habari za kikao cha chama cha msingi cha ushirika. Ta Mutalemwa, sasa haoni vizuri, alinikaribisha kiti kilichobaki. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi, na ndani nililiona gunia la kahawa na baiskeli ya mtu. Kokugonza, mwanamke mzima, aliingia na kikapu. Alianza kwa aliyekuwa karibu na mlango, akafuata wa pili, akafuata wa tatu. Nilikuwa wa nne. Alipiga magoti, akanisalimu kwa Kihaya, akangoja nichukue. Nikamwambia, "Wakola." Akatabasamu, akasimama, akaenda kwa wa tano.